DAKTARI LIVINGSTONE NA WATU WA NYUMBANI MWAKE

 

Safari hii tumechagua maisha ya mtu ambaye jina lake tulilisikia tangu shule ya msingi: Dkt. David Livingstone. Wengi wetu tuliovuka ziwa kutoka Fizi na Uvira tulishukia Kigoma, na mwendo mfupi kutoka hapo ni Ujiji, penye mnara wa kumkumbuka. Ndugu zetu wa Maniema nao wanajua kwamba alipita Kabambare na Nyangwe. Kwa hiyo huyu si mgeni kwetu.

Lakini mara nyingi husimuliwa kama msafiri tu, yaani mito aliyoiona na maziwa aliyoyafikia. Leo tunataka kumtazama kama mume na baba. Tunafanya hivyo si kwa kumhukumu mtumishi wa Mungu aliyelala zamani, bali kwa sababu maisha yake yana onyo na faraja kwa kila mmoja wetu mwenye familia.

Mtoto wa chumba kimoja

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland. Baba yake alikuwa mchuuzi wa majani ya chai na mwalimu wa shule ya Jumapili. Walikuwa maskini. Wazazi na watoto wote waliishi katika chumba kimoja, ndani ya jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Sisi tunaoishi watu wanane katika nyumba moja ya matofali mabichi tunaelewa maisha ya namna hiyo.

Alipofika miaka 10 aliingizwa kazini kiwandani, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Baada ya hapo alikwenda shule ya usiku. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha kujifunzia Kilatini, akawa anakiweka juu ya mashine na kusoma mstari mmoja mmoja huku akifanya kazi. Kwa njia hiyo alifika chuo cha Glasgow, akasomea udaktari na mambo ya Mungu, na mwishoni mwa 1840 akapanda meli kuja Afrika ya Kusini chini ya Chama cha Misheni cha London.

Angalieni vizuri jambo hili. Kijana huyu alijifunza kuuvumilia uchovu na njaa na kutosikiliza malalamiko ya mwili wake. Hiyo ilikuwa karama. Lakini mtu aliyejizoeza hivyo aweza kudhani kwamba kila mtu ana nguvu kama zake. Ubinafsi si kupenda fedha na chakula tu. Kuna ubinafsi wa kuifanya nguvu yako kuwa kipimo cha wengine, na huu haujulikani upesi kwa sababu umevaa nguo ya kazi njema.

Mary Moffat

Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia Livingstone na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Alikwenda kupumzika Kuruman, kwenye misheni ya mzee Robert Moffat, na hapo akamchumbia binti mkubwa wa mzee huyo, Mary. Walifunga ndoa mwaka 1845.

Mary alizaliwa Afrika mwaka 1821. Alisema Kitswana kama wenyeji, alikuwa mwalimu, alijua kutengeneza sabuni na mishumaa, kuoka mkate na kutunza wagonjwa. Watu wa Bakwena walimpenda. Kila mara mume wake alipohamia mahali papya, Mabotsa, kisha Chonuane, kisha Kolobeng, Mary alianza upya kupanga nyumba na kufungua shule ya watoto. Mama zetu waliojenga nyumba Kongo, wakajenga tena kambini, wanajua kazi hiyo ilivyo.

Watoto walikuja upesi: Robert mwaka 1846, Agnes mwaka 1847, Thomas mwaka 1849. Baba yao alikuwa anafundisha, anatibu, anajenga na kulima. Jioni alikuwa amechoka, hana nguvu ya kucheza nao. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika kwamba jambo hilo lilimwuma. Alijuta kwamba hakutenga sehemu ya siku kwa ajili ya kucheza na wanawe, na alipotaka kufanya hivyo wakati ulikuwa umekwisha kupita.

Jangwani pamoja na watoto

Mwaka 1850 Livingstone aliamua kuvuka jangwa la Kalahari kwenda kaskazini, akamchukua Mary mwenye mimba na watoto watatu katika gari la kukokotwa na maksai. Huko Ziwa Ngami watoto waliugua homa, wakalazimika kurudi. Baada ya kufika nyumbani Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth. Mtoto yule aliishi wiki sita hivi tu. Mary mwenyewe alipooza upande mmoja wa uso.

Mwaka 1851 mume wake alitaka kwenda tena, na Mary alikuwa na mimba tena. Mama mkwe alimwandikia barua kali ya kumzuia, akimkumbusha mtoto aliyekufa. Hakusikia, wakaenda. Njiani maji yaliwaishia, na kwa siku kadhaa watoto walilia kwa kiu mbele ya macho ya mama yao. Livingstone alisimulia baadaye kwamba Mary hakumtupia neno moja la lawama, ila machozi yake yalisema yote. Maji yalipatikana, watoto wakapona, na Septemba mwaka huo Oswell akazaliwa kando ya mto, safarini.

Ndugu msomaji, Livingstone alimpenda mke wake. Barua zake zinaonyesha hivyo. Lakini kumpenda mtu na kumjua ni mambo mawili. Alimwona mwanamke asiyelalamika, akafikiri hana mzigo.

Miaka miwili iliyogeuka kuwa zaidi ya minne

Aprili 1852 alimsindikiza Mary na watoto wanne mpaka bandari ya Cape Town, wakapanda meli kwenda Uingereza. Yeye alirudi bara. Mpango ulikuwa watengane kwa miaka miwili hivi.

Alitembea kutoka katikati ya Afrika hadi Luanda, pwani ya magharibi, akafika mwaka 1854 akiwa hoi kwa homa. Manahodha wa Kiingereza waliokuwa bandarini walijitolea kumpeleka kwao. Alikataa, kwa sababu alikuwa na wanaume 27 wa Makololo aliowaahidi kuwarudisha makwao. Akarudi nao kwa miguu, kisha akaendelea hadi Quelimane, pwani ya mashariki, mwaka 1856. Ulimwengu ulimsifu kwa kutimiza ahadi kwa watu wale, na alistahili sifa hiyo. Lakini ahadi aliyompa mke wake ndiyo iliyolipa gharama.

Kule Uingereza Mary alikuwa kama mkimbizi. Alizaliwa Afrika, hakuizoea baridi wala desturi za huko. Alikaa kwanza kwa wakwe zake, hawakupatana, akaondoka na watoto. Alihama kutoka mji hadi mji, nyumba za kupanga na nyumba za marafiki, akiomba msaada kwa Chama cha Misheni, na fedha haikutosha. Barua za mume zilichelewa kwa miezi. Imani yake ilitikisika, na wanaoandika historia yake wanasema alianza kujifariji kwa pombe. Tusimhukumu. Tunao kina mama wa namna hii kati yetu, na wakati mwingine tunawasema badala ya kuwatembelea.

Livingstone alifika Desemba 1856. Baba yake mzazi alikuwa amekwisha kufa mapema mwaka huo huo, hawakuonana. Alipokewa kama shujaa. Lakini nyumbani palikuwa na watoto wanne ambao kwao baba alikuwa jina tu, na Oswell hakuwa na kumbukumbu yake hata kidogo.

Kaburi la Shupanga

Mwaka 1858 alirudi Afrika kwa safari ya Mto Zambezi pamoja na Mary na Oswell. Robert, Agnes na Thomas waliachwa Scotland. Mary aligundulika ana mimba, akabaki kusini kwa wazazi wake, na huko Kuruman akamzaa Anna Mary mwezi Novemba. Habari za kuzaliwa kwa mtoto huyo zilimfikia baba baada ya miezi mingi.

Mary alirudi Scotland kwa watoto, kisha mwanzoni mwa 1862 akamfuata mume wake Zambezi. Walikaa pamoja chini ya miezi mitatu. Homa ilimshika, na tarehe 27 Aprili 1862 alifariki huko Shupanga, katika nchi ya Msumbiji ya leo, akiwa na miaka 41. Alizikwa chini ya mbuyu mkubwa. Mtu yule aliyevumilia simba, njaa na homa alilia kama mtoto mdogo. Katika shajara yake aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani alitamani kufa.

Robert, mwana aliyebadili jina

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote. Robert, mzaliwa wa kwanza, alikuwa kijana msumbufu. Alitoroka shule, hakutulia mahali. Baba alimwandikia barua za maonyo, lakini maonyo yanayotoka mbali, kwa mtu usiyemfahamu, hayaingii moyoni.

Mwaka 1863 kijana alisafiri mpaka Natal, Afrika ya Kusini, akitaka kumfikia baba yake Zambezi. Hakufanikiwa. Akaishia Marekani, ambako kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwanzoni mwa 1864 akaingia jeshi la upande wa kaskazini. Hakujiandikisha kwa jina la Livingstone. Alijiita Rupert Vincent, na katika barua kwa baba yake alieleza kwamba hakutaka kulitia aibu jina la ukoo. Alimwambia pia kwamba hajawahi kumwua mtu kwa makusudi.

Alijeruhiwa na kutekwa huko Virginia, akafia katika kambi ya wafungwa ya Salisbury, North Carolina, Desemba 1864. Alikuwa na miaka 18. Jeshi lile lilipigana, na utumwa ukakoma Marekani. Baba alipigana na biashara ya watumwa Afrika, mwana akafa katika vita vilivyouondoa utumwa Marekani. Walikuwa na moyo mmoja, lakini hawakupata nafasi ya kukaa chini na kuligundua hilo.

Agnes, na baba aliyeanza kujifunza

Mungu ni mwingi wa rehema. Livingstone alikuwa amerudi Uingereza Julai 1864. Hapo ndipo alipomwona Anna Mary kwa mara ya kwanza, mtoto akiwa na miaka mitano. Rafiki yake alimpa mahali pa kuandikia kitabu, nyumba kubwa ya Newstead Abbey, na safari hii Livingstone hakwenda peke yake. Alimchukua Agnes, aliyekuwa msichana wa miaka 17. Kwa miezi kama minane baba na binti walikaa pamoja. Agnes alimsaidia kunakili maandishi, walikula meza moja, walitembea na kuzungumza.

Miezi minane ni kidogo ukilinganisha na miaka 17. Lakini ilitosha kuanzisha urafiki wa kweli. Tangu hapo barua zake kwa Agnes zikawa barua za mtu anayemwambia mwenzake mambo ya moyoni, si za mwalimu kwa mwanafunzi. Alipoondoka Agosti 1865, Agnes alimsindikiza mpaka Paris. Hawakuonana tena.

Ujiji

Mwaka 1866 alifika Zanzibar, akaingia bara. Alifika Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa sana. Hapo aliandika barua zaidi ya 40, akawapa watu wazipeleke pwani. Hazikufika. Watoto wake walikaa miaka bila kujua kama baba yu hai. Ndugu zetu wanaongoja jibu la barua ya Msalaba Mwekundu wanayajua maumivu hayo.

Mwaka 1871, huko Nyangwe, aliona wafanyabiashara ya watumwa wakiwaua mamia ya watu sokoni, wengi wao wanawake. Alirudi Ujiji amevunjika moyo. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta, mwishoni mwa mwaka huo, akiwa na chakula, dawa na barua.

Stanley alikuwa mtoto aliyetupwa. Mama yake hakumtaka, akalelewa katika nyumba ya maskini huko Wales. Kwa miezi minne aliyokaa na Livingstone alimwona kama baba aliyekuwa akimtafuta maisha yote. Hapa pana fumbo la kututafakarisha. Mtu yule yule aliyekuwa mbali na wanawe aliweza kuwa baba mwema kwa mgeni. Ni rahisi kuwa mpole kwa mtu wa nje, kwa sababu mtu wa nje hatudai kitu.

Stanley alimsihi arudi kwa watoto wake. Alikataa, kwa kuwa kazi haijaisha. Alitiwa nguvu na barua ya Agnes, ambaye alimwambia amalize kazi yake kwa namna itakayomridhisha, asirudi kwa ajili ya kumfurahisha yeye tu. Livingstone alijivunia binti huyo. Lakini mwaka 1872 Oswell, aliyekuja mpaka pwani pamoja na msafara wa kumtafuta baba, aliposikia kwamba Stanley amemwona, aligeuka na kurudi Uingereza. Baba aliumia sana na kukasirika. Je, tumlaumu nani? Oswell alimfanyia baba yake kama alivyofanyiwa.

Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Wiki tano baadaye soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba miezi mingi mpaka Bagamoyo. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Thomas na Oswell walikuwapo kaburini.

Tunajifunza nini?

*Kwanza,* kazi ya Mungu haimwondolei mtu wajibu wa nyumbani. Someni 1 Timotheo 5:8. Mzee Eli alilihudumia hekalu lakini hakuwashika wanawe (1 Samweli 2). Musa naye, mkwewe ndiye aliyemletea mke na watoto jangwani (Kutoka 18). Hapa kambini tuna wazee wa kanisa, wanakwaya na wajumbe wa kamati ambao kila mtu anawaona isipokuwa watoto wao.

*Pili,* ubinafsi hujificha. Baba anayekunywa fedha ya mgawo anajulikana kuwa mbinafsi. Lakini yule anayeamua peke yake habari za kurudi Kongo, au kwenda nchi ya tatu, au kuhamia kambi nyingine, bila kumwuliza mkewe, naye pia anajiangalia mwenyewe. Wafilipi 2:4 inatufundisha kuyatazama mambo ya wengine, na wengine hao huanzia ndani ya nyumba.

*Tatu,* kunyamaza si kukubali. Mary alinyamaza jangwani. Mtoto anayenyamaza baada ya vita, mama anayenyamaza baada ya kufiwa, hawajapona. Waulizeni, kisha mngoje jibu.

*Nne,* hatujachelewa maadamu tunaishi. Miezi minane ya Newstead ilimpa Livingstone binti. Hatuna nyumba kubwa, lakini tuna jioni. Zima redio, kaa jikoni wakati ugali unapikwa, mtume kijana wako kuni kisha uende naye. Wenye wapendwa mbali, andikeni barua au pigeni simu, na msiwape maonyo tu. Waambieni mliyo nayo moyoni, waulizeni waliyo nayo wao.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Mtoto wako wa kwanza anaogopa nini zaidi? Umejuaje?
2. Ni lini ulimwuliza mwenzi wako habari za uchovu wake, ukasikiliza mpaka mwisho?
3. Ni uamuzi gani wa familia uliufanya peke yako? Waweza kuurudia pamoja nao?
4. Yuko nani katika ukoo ambaye mnajua jina lake tu?

Sala

Bwana Mungu, Baba wa mayatima na mlinzi wa wageni, utusamehe pale tulipowapenda watu wa nyumbani mwetu bila kuwajua. Ututoe katika kujitazama wenyewe. Uwakumbuke waliotengana na wapendwa wao kwa vita, uwakutanishe. Na kwetu tulio pamoja, utupe macho ya kuonana kabla ya kutenganishwa na kifo. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.